Kufungia Gari Kuukuu Si Kulihifadhi

Kuna makosa ambayo mtu huyafanya kwa kutojua, na hayo husameheka upesi. Kuna mengine ambayo huyafanya ilhali elimu ya kuyaepuka anayo, ametahiniwa kwayo, na hata analipwa mshahara ili aifunze. Kosa langu lilikuwa la aina hii ya pili, na kilichodhurika ni gari dogo aina ya Morris Minor lililoundwa mwaka wa 1959. Nimelinyamazia jambo hili kwa muda mrefu. Leo naliandika kwa kuwa naamini linatuhusu sisi walimu, pamoja na wanafunzi wetu, kuliko linavyowahusu mafundi wa magari.

Mwaka wa 1995 nilikuwa masomoni kaskazini mwa Uingereza. Kabla ya kwenda huko nilikuwa nimefunza kemia katika shule ya upili humu nchini kwa miaka mitatu. Nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja mgane aliyekuwa amestaafu kutoka kazi ya reli. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na banda la matofali, na bandani mlikuwa na gari la marehemu mkewe. Bibi huyo alikuwa muuguzi wa mtaa, mmoja wa wale wanaowazuru wagonjwa majumbani, na gari hilo ndilo lililomfikisha kwa wanawake waliojifungua na kwa wazee wasiojiweza, iwe jua au theluji, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mzee mwenyewe hakuwa dereva hodari. Alilitunza gari kwa heshima ya aliyeliendesha.

Wasomaji wa umri wangu watalikumbuka gari la sampuli hiyo, maana lilipata kuonekana hata katika barabara zetu. Lilibuniwa na Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini. Lilizinduliwa mwaka wa 1948, likaendelea kuundwa hadi 1971, na jumla ya yaliyotengenezwa ilizidi 1,600,000. Lina umbo la mviringo kama mkate ulioumuka vizuri. Wauguzi, makasisi na walimu wa Uingereza walilipenda kwa sababu halikula petroli nyingi wala halikumpa fundi kazi kubwa.

Desemba ya mwaka huo mzee aliteleza kwenye barafu mlangoni pake akavunjika nyonga. Alipokuwa akiingizwa katika ambulensi alinikabidhi ufunguo, akaniomba jambo moja tu: nilitunze gari. Nami nikaahidi. Kwa majuma mawili nililitumia, kwa bima iliyonitambua, kumzuru hospitalini kila jioni. Barabara zilikuwa nyeupe. Sehemu ya weupe huo ilikuwa theluji, na sehemu nyingine ilikuwa chumvi. Kufikia mwisho wa mwezi baridi ilikuwa kali ajabu. Tarehe 30 Desemba, katika kijiji cha Altnaharra huko Uskoti, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 27.2 chini ya sufuri. Hata huku kwetu kusini zaidi, pumzi ya mtu iliganda kwenye masharubu.

Niliamua kwamba gari lilikuwa limeteseka vya kutosha. Nililiingiza bandani likiwa bado linatona maji machafu, nikalifunika gubigubi kwa nailoni nene, nikazifunga kingo za nailoni kwa kamba hadi sakafuni, kisha nikabana mlango. Kila Jumamosi asubuhi nilifungua mlango huo, nikakunja nailoni upande wa nyuma, nikawasha injini kwa dakika tano. Moshi mweupe ulifuka kwa wingi, maji yakatiririka kutoka ekzosi, nami nikafurahi nikidhani hiyo ilikuwa dalili ya afya. Nilifanya hivyo bila kukosa hata juma moja hadi mwisho wa Machi.

Wanafunzi wa kemia wanaosoma ukurasa huu huenda wamekwisha kulitambua kosa. Mimi sikulitambua.

Mwezi wa Aprili, mzee akitembea kwa magongo, tulilipeleka gari katika ukaguzi wa kila mwaka ambao wenyeji huuita MOT. Fundi aliliinua, akaingia chini akiwa na bisibisi mkononi. Alianza kudunga sehemu za bodi zilizo chini ya milango. Katika gari la aina hii sehemu hizo ndizo zibebazo uzito, kwani halina fremu ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Ilizama tena upande wa pili. Ekzosi, alipoigusa, ilimwaga unga mwekundu sakafuni. Fundi alitoka akijipangusa mikono, akasema kwamba kutu hiyo haikuanza mwaka huo, lakini msimu huo mmoja ulikuwa umemaliza kazi ya miaka mingi. Gharama ya kuchomelea ilizidi thamani ya gari. Liliuzwa kwa mtu aliyetaka injini na milango.

Mzee hakunilaumu. Tulipokuwa kwenye basi tukirudi nyumbani aliniuliza nililiegesha vipi. Nilimweleza yote, hata habari ya nailoni, hata zile dakika tano za Jumamosi. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo alilolisahau, "Huko kwenu, ulisema unafunza somo gani?"

Nilikuwa nikifunza kutu. Kila mwaka niliwapanga wanafunzi mbele ya neli nne za majaribio, kila moja ikiwa na msumari mpya ndani. Neli ya kwanza ilitiwa kemikali inyonyayo unyevu na kuzibwa kwa kizibo. Ya pili ilikuwa na maji yaliyochemshwa hadi hewa ikatoka, na juu yake tabaka la mafuta. Ya tatu ilikuwa na maji ya kawaida pamoja na hewa. Ya nne ilikuwa na maji ya chumvi pamoja na hewa. Baada ya juma moja misumari ya neli mbili za kwanza ilikuwa bado inameremeta, wa tatu ulikuwa umeshika kutu, na wa nne ulikuwa umeharibika kupita yote. Wanafunzi waliandika hitimisho lao kwamba kutu huhitaji maji na oksijeni, na chumvi huiharakisha. Niliwapa alama wanazostahili. Kumbe kule ugenini nilikuwa nimetengeneza neli ya nne yenye urefu wa karibu mita nne, nikaifunika kwa nailoni, na kila Jumamosi nikawa naiongezea maji!

Hebu tulichambue jambo hili, kwa kuwa halikomei kwenye misumari. Chumvi imwagwayo katika barabara za Uingereza huchimbwa ardhini. Machimbo makubwa yako Winsford, katika jimbo la Cheshire, ambako tangu mwaka wa 1844 watu wamekuwa wakifukua masalio ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Ni chumvi ile ile tutiayo kwenye mchuzi, ila hiyo hutoka ikiwa na rangi ya udongo. Baridi ikikaribia kugandisha lami, malori hupita usiku yakiinyunyiza. Maji yenye chumvi huchelewa kuganda, kwa hiyo barabara hubaki majimaji badala ya kuwa kioo. Msafiri husalimika, lakini chuma cha gari huingia mashakani. Magurudumu huyarusha maji hayo katika kila upenyo ulio chini ya gari. Chumvi iliyoyeyuka huyawezesha maji kupitisha umeme kwa wepesi, na kutu, kama tufunzavyo, ni kazi ya umeme mdogo mdogo uendao baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine.

Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni kuwa chumvi haikauki ovyo. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani na kujiyeyusha. Mkaaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa haya. Kichupa cha chumvi kilichoko mezani pake humwonyesha. Sasa, hewa ya Uingereza katika majira ya baridi aghalabu huwa na unyevu wa asilimia 80 na zaidi. Gari lililoingizwa bandani pamoja na chumvi yake halitakauka hadi majira ya kuchipua. Likifunikwa kwa nailoni, unyevu utokao sakafuni hukwama ndani, na usiku unapopoa hugeuka matone juu ya bodi. Wenye ujuzi hutumia kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, au hawafuniki kamwe. Na kuna hili la ajabu: banda lenye joto ni baya zaidi kwa gari lenye chumvi kuliko banda baridi, maana joto huharakisha kutu kama liharakishavyo mmenyuko mwingine wowote. Nimewahi kusikia mtu akijivunia kwamba gari lake hulala karibu na tanuri la nyumba. Afadhali angeliacha nje penye upepo.

Dakika zangu tano nazo zina hesabu yake. Petroli ni hidrokaboni. Ikiungua, hidrojeni yake huungana na oksijeni ikawa maji. Mwanafunzi wa kidato cha nne akisawazisha mlinganyo ataona kuwa lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji. Injini ikiwa imepata moto kamili, maji hayo hutoka nje kama mvuke usioonekana. Ikiwa baridi, mvuke hugeuka maji ndani ya ekzosi na ndani ya injini yenyewe, ukichanganyika na oili na kuzaa asidi. Gari huhitaji kwenda barabarani nusu saa au zaidi ndipo oili ipate joto la kuufukuza unyevu. Wala betri haikunufaika. Magari ya miaka hiyo yana dinamo, ambayo haizalishi umeme wa maana injini ikizunguka polepole, na kule kuwasha kwenyewe hula umeme mwingi kuliko ule unaorudishwa kwa dakika tano. Sauti ya injini ilinituliza moyo mimi, basi.

Je, ningefanya nini? Kwanza ningeliosha gari kwa maji matamu, na hasa chini, kwenye matao ya magurudumu na mbavu za bodi, tena si mara moja. Ningengoja siku isiyo na baridi kali na barabara isiyo na chumvi, nikaliendesha saa nzima hadi likauke kabisa. Likiwa bado na moto ningemwaga oili chakavu na kutia mpya, kwa kuwa oili iliyotumika hubeba asidi na maji, na si busara kuiacha injini ioge humo miezi mitatu. Tangi la petroli ningelijaza pomoni ili pasibaki nafasi ya hewa yenye unyevu. Mwenye gari kuukuu wa leo ana shaka moja ambayo mimi sikuwa nayo. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko Uingereza imechanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hupenda maji, tena hudhoofisha mipira ya zamani katika mfumo wa mafuta. Kwa hiyo wengi huitafuta ile petroli ya bei ghali isiyozidi asilimia 5.

Juu ya maji ya injini mzee alikuwa amenitangulia, na hilo pekee ndilo lililookoka. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo huweza kuipasua injini ya chuma kama yai. Ndiyo maana rejeta hutiwa glaikoli. Ikiwa nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko huo huvumilia baridi ya nyuzi 35 hivi chini ya sufuri. Kabla ya dawa hiyo kuenea, madereva walikuwa wakiyamwaga maji ya rejeta kila jioni na kuyatia tena asubuhi. Dawa yenyewe ni tamu na ni sumu kali, na paka wa majirani wamekufa kwa kuilamba pale inapovuja.

Yaliyobaki ni madogo, lakini ndiyo humtofautisha mtunzaji na mfungiaji. Betri hutolewa na kuchajiwa kila mwezi, kwa sababu betri iliyojaa haigandi kwa urahisi, ilhali iliyokwisha huganda ikapasuka. Magurudumu hujazwa upepo kupita kawaida, na gari husogezwa kidogo mara kwa mara ili uzito usikalie upande mmoja. Breki ya mkono huachwa wazi na magurudumu hukingwa kwa vipande vya mbao, kwani breki iliyofungwa miezi mitatu hushikamana na pipa lake. Klachi nayo hushikana, kwa hiyo wajuzi hukibana kikanyagio chake chini kwa kijiti. Mdomo wa ekzosi huzibwa ili panya wasizalie humo, na kijikaratasi huwekwa kwenye usukani kumkumbusha mwenyewe kuuzibua. Kisha mlango hufungwa, na gari huachwa lilale bila kuamshwa hadi siku ya safari ya kweli.

Katika Uingereza wapenzi wa magari haya wamegawanyika. Wapo wasemao kuwa gari liliundwa liendeshwe, na kulilaza miezi mitatu ni kuliua polepole. Huwaonyesha wenzao ile safari ya London hadi Brighton, ifanywayo Jumapili ya kwanza ya Novemba kwa magari yaliyoundwa kabla ya 1905, ukumbusho wa msafara wa tarehe 14 Novemba 1896, siku ambayo madereva walisherehekea sheria mpya iliyowaruhusu kwenda maili 14 kwa saa. Magari hayo ya zaidi ya karne moja hupigwa na mvua na baridi na hufika. Hutaja pia Mini, iliyoshinda mashindano ya Monte Carlo ya Januari 1964, 1965 na 1967 katika milima yenye theluji. Na huuliza: mbona yule muuguzi aliendesha kila majira ya baridi na gari lake likadumu?

Swali hilo nililitafakari sana, maana lilihusu gari lile lile nililoliua. Mzee alinipa sehemu ya jibu. Kila Jumapili baada ya kanisa mkewe alikuwa akimimina ndoo za maji chini ya gari, akivaa glavu za jikoni, majirani wakimcheka. Tena alisafiri kila siku, kwa hiyo injini na ekzosi zilipata moto na kukauka kila siku. Sehemu nyingine ya jibu ni ya hesabu. Wasemao kwamba magari ya kale yalikuwa imara na yalistahimili chumvi wanayahesabu yale yaliyosalia. Yaliyooza hayapo ili yahesabiwe. Katika yale 1,600,000, mengi mno yaliishia kwenye majalala kwa sababu ya kutu hii hii. Viwanda vilikuja kuzoea kupaka bodi zinki miaka mingi baadaye.

Mimi naafikiana na wanaolilaza gari, kwa sharti kwamba wafanye kazi yote ya kulilaza. Mvua kubwa ikinyesha siku kadhaa mfululizo na kuisuuza barabara, sioni ubaya wa kulitoa kwa saa moja na kulirejesha likiwa kavu. Asiye na nafasi ya kuliosha wala kulisafirisha masafa marefu na aliache. Lakini wapo watu wa kundi la tatu, na nadhani ndio wengi: wale wanaofunga mlango na kudhani wamehifadhi. Hawa ndio ndugu zangu.

Msomaji ataniuliza theluji ya Uingereza inamhusu nini mwalimu wa Machakos au Kakamega. Nyanda zetu za juu ni kavu kiasi, na ndiyo sababu bado unaweza kukutana na Peugeot 404 ambayo bodi yake haijatoboka, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Walimu wa Lamu na Malindi hawahitaji mfano wa ng'ambo. Upepo wa bahari huwaletea chumvi kwenye mabati mwaka mzima. Kwetu sisi wengine, lililonirudisha kwenye banda lile la matofali ni mwaka wa 2020.

Shule zilipofungwa Machi mwaka huo kwa sababu ya korona, hakuna aliyejua zingefunguliwa lini. Basi la shule niliyokuwa nikifunza liliegeshwa chini ya mti. Dereva, mtu aliyelijua basi hilo kuliko sote, alirudishwa nyumbani bila mshahara, na ufunguo akaachiwa bawabu. Siku moja nilipita kuchukua vitabu nikamkuta bawabu akiliwasha. Akaniambia kwa fahari kwamba ameagizwa aliwashe kila siku kwa dakika kumi ili betri isife. Nilisimama pale nikiutazama moshi, na maneno ya mzee yakanijia.

Nilimwendea aliyekuwa na mamlaka nikamweleza kwamba betri zitolewe na kuchajiwa, tangi lijazwe maana maji hutuama chini ya dizeli na kuzaa uchafu, magurudumu yajazwe upepo na basi lisogezwe. Nilijibiwa kwa adabu kwamba hiyo si kazi ya mwalimu wa kemia. Sikubishana. Hilo pia ni kosa langu, la pili. Wanafunzi wote waliporudi Januari 2021, betri zilikuwa zimekufa, breki zimeshikana, magurudumu mawili yamepasuka ubavuni, na panya walikuwa wametafuna nyaya za taa. Ukarabati uliongezwa kwenye karo, na wazazi ambao wengine walikuwa wamepoteza kazi mwaka huo ndio walioulipia.

Humo humo shuleni, mita mia moja kutoka chini ya mti ule, ilikuwako maabara yenye misumari na neli. Palikuwa na watahiniwa ambao ungewaamsha usiku wa manane wakakutajia masharti ya kutu bila kukosea. Hakuna hata mmoja, wala mwalimu wao, aliyekuwa amewahi kuambiwa kuwa swali lile la mtihani lilikuwa limeegeshwa nje. Tunalalamika kwamba wanafunzi wanakariri. Ni kweli wanakariri, lakini nani amewapeleka chini ya basi? Mtaala wa umilisi umesema mengi kuhusu vitendo, na hata ule wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 ulikuja na ahadi ya ufundi na kazi za mikono. Ahadi hizo hugota pale pale tunapodhani kuwa kitendo ni kile kifanyikacho juu ya meza ya maabara.

Nina miaka michache kabla ya kustaafu. Shule zikikaribia kufungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, nitawatoa wanafunzi wangu maabarani kwa vipindi viwili. Wataosha basi la shule upande wa chini, wataandika kiwango cha upepo wa kila gurudumu, watapima nguvu ya betri kabla ya kutolewa na kuipima tena Januari, na kila mmoja ataning'iniza msumari wake uchi mle bandani kando ya mwingine uliopakwa grisi. Nimemwomba dereva awe mwalimu wa siku hiyo. Mimi nitashika ndoo.